Kompyuta Bado Inawaka, Lakini Kazi Haiendi: Niitengeneze au Ninunue Nyingine?

Kwako Mshauri,

Natumaini hujambo na kazi zako zinaendelea vyema. Mimi ni mama wa familia, na kazi yangu ni kuhariri miswada na kupanga kurasa za vitabu kabla havijapelekwa kuchapwa. Kazi hiyo naifanyia nyumbani kwa kompyuta mpakato niliyoinunua mwaka 2016, na ndiyo iliyonifanya nikuandikie.

Kwa miaka mingi ilinitumikia bila kunisumbua. Siku hizi nikiiwasha asubuhi huiacha na kwenda kufanya shughuli nyingine hadi itulie, kwa sababu hata baada ya skrini kutokea, nikibofya faili moja huchukua muda mrefu kabla chochote hakijatendeka. Nikifungua mswada, kivinjari chenye kurasa kadhaa na InDesign, programu ninayopangia kurasa, kwa wakati mmoja, kila kitu huganda, na maneno ninayoandika hujitokeza mimi nikiwa nimekwisha kumaliza sentensi. Betri nayo haikai na chaji, kwa hiyo kompyuta hushinda kwenye umeme kutwa nzima. Pedi ya kugusia imeinuka kidogo upande mmoja na haibonyezeki vizuri, ingawa hilo halinisumbui kwa kuwa natumia kipanya cha kawaida. Mimi naona imezeeka tu.

Niliipeleka kwa fundi ninayemwamini. Aliniambia kwamba ina prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel ya kizazi cha sita, RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi, ya GB 4, na diski ngumu ya TB 1, na kwamba nikiweka diski ya SSD, ile isiyo na sehemu zinazozunguka, na kuongeza RAM nitashangaa mwenyewe. Mdogo wangu wa kiume, ambaye kazi yake ni ya kompyuta, anasema huko ni kutupa pesa, maana kompyuta hiyo haipokei Windows 11, na Windows 10 imeachwa na wenyewe tangu Oktoba 2025. Mume wangu naye huuliza, "Si inawaka? Sasa tatizo liko wapi?" Hasemi kwa ubaya. Tuna majukumu mengi, na akiba niliyonayo, ingawa imetokana na jasho langu, ndiyo hiyohiyo tutakayoikimbilia likitokea la kutokea nyumbani.

Nikiitengeneza, naogopa kwamba baada ya muda mfupi kitaharibika kitu kingine nami nitakuwa nimelipa mara mbili. Nikinunua nyingine, naona haya kutumia akiba ya nyumba kwa ajili ya kuacha kifaa ambacho bado kinawaka. Nikisubiri, kazi zinachelewa, na mchapishaji mmoja ameanza kuniuliza, kwa upole, kurasa zake zimefikia wapi. Hivi sasa nina kitabu kikubwa mkononi ambacho sijafika nusu, na faili zangu za miaka yote zimo humo humo. Je, mtu hujuaje kuwa wakati wa kuachana na kompyuta yake umefika?

Msomaji wako,
Mhariri wa Nyumbani

*

Dada yangu mpendwa,

Ahsante kwa barua uliyoiandika kwa utulivu na kwa undani. Kabla sijafika kwenye swali lako, niruhusu nianze na jambo ulilolitaja kwa kupita tu, kwa sababu ndilo lililonishtua kuliko mengine yote. Umesema betri haikai na chaji, kompyuta hushinda kwenye umeme, na pedi ya kugusia imeinuka upande mmoja. Katika kompyuta mpakato nyingi betri hukaa chini ya pedi hiyo au jirani nayo, na betri ya litiamu iliyochakaa huweza kuzalisha gesi ndani yake, ikavimba na kusukuma kila kilicho juu yake. Huenda kwako ni skrubu iliyolegea tu, lakini dalili hizo tatu zikikutana, ni busara kuichukulia betri kuwa imevimba hadi fundi atakapothibitisha vinginevyo, kwa kuwa betri iliyovimba inaweza kushika moto. Nakuomba uizime kompyuta, uchomoe chaja, usijaribu kuikandamiza pedi irudi mahali pake, na umpelekee fundi aifungue. Ikiwa imevimba kweli, itolewe na ipelekwe panapopokelewa taka za kielektroniki, wala isitupwe pamoja na taka za nyumbani. Kompyuta nyingi huweza kufanya kazi kwa chaja peke yake baada ya betri kutolewa. Mwulize fundi kama yako ni mojawapo.

Ukiwa huko huko, mwombe jambo la pili: aitoe diski na kuiweka katika kasha la nje linalounganishwa kwa waya wa USB, ili faili zako zinakiliwe kwa kutumia kompyuta nyingine. Fanya nakala mbili, na moja kati ya hizo ikae nje ya nyumba yako au katika hifadhi ya mtandaoni. Diski ngumu ina sahani zinazozunguka na kichwa kinachosoma kikielea juu yake kwa umbali mdogo mno, na iliyofanya kazi tangu mwaka 2016 haidaiwi chochote na mtu. Kazi hii haisubiri uamuzi wa kununua au kutengeneza, kwa maana utaihitaji vyovyote utakavyoamua. Nina hisia pia kwamba sehemu ya uzito ulioniandikia ni hofu ya kukipoteza kitabu kilichoko mkononi, na hofu hiyo ikiondoka, yaliyobaki utayatazama kwa moyo mwepesi zaidi.

Sasa nije kwenye swali lenyewe. Ninavyokusoma, naona maswali matatu yamefungwa katika furushi moja: kwa nini kazi haiendi, kompyuta hii itaendelea kuwa salama kwa muda gani, na akiba ya nyumba itumike kwa lipi. Fundi wako amejibu la kwanza, mdogo wako amejibu la pili, na mume wako anajibu la tatu. Ndiyo maana kila mmoja ukimsikiliza peke yake unaona amesema kweli, na ukiwaweka pamoja wanapingana. Sidhani kuwa mmoja wao amekosea. Kila mmoja ameulizwa jambo lake.

Tuanze na la fundi, na hapa ningependa tulitazame upya lile neno lako kwamba kompyuta "imezeeka tu". Prosesa haichoki kwa kupita miaka. Ile iliyomo ndani ya kompyuta yako inakokotoa leo kwa kasi ileile iliyotoka nayo kiwandani, ilimradi feni haijazibwa na vumbi kiasi cha kuifanya ipate joto na kujipunguzia mwendo. Kilichobadilika ni mzigo: kurasa za mtandaoni zimekuwa nzito, programu zimekua, na mfumo wenyewe una shughuli nyingi unazozifanya chinichini. RAM ya GB 4 inapojaa, Windows huhamishia kwenye diski yale ambayo hayatumiki kwa wakati huo, kisha huyarudisha unapoyahitaji. Diski yako ya kuzunguka huhitaji zaidi ya milisekunde 10 kukifikia kila kipande cha data kilicho mbali na kingine, ilhali SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka, hukifikia kwa sehemu ndogo tu ya milisekunde moja. Mfumo ukiomba vipande maelfu kwa mfululizo, kucheleweshwa huko hujumlika, na ndiko unakokuona maneno yako yakijitokeza baada ya sentensi kwisha. Kwa hiyo upungufu wa RAM unaifanya diski ionekane mbovu zaidi ya ilivyo, na uzito wa diski unaifanya RAM ndogo iumize zaidi ya ambavyo ingeumiza.

Hili huna haja ya kuliamini kwa sababu nimelisema mimi au fundi. Suala la betri likishapata ufumbuzi, fungua kazi zako kama unavyozifungua siku ya kawaida, kisha bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka programu ya Task Manager, nayo ina safu za prosesa, kumbukumbu (yaani RAM) na diski, kila moja ikiwa na asilimia yake. Itazame wakati kompyuta imeganda. Ikiwa diski imesimama kwenye 100 na kumbukumbu inakaribia kujaa huku prosesa ikiwa chini, basi fundi ameugusa ugonjwa wenyewe. Ikiwa ni prosesa inayobaki juu kila unapopanga kurasa, diski mpya itakufupishia muda wa kuwasha lakini haitakuondolea adha ya kazi, na hapo ushauri wa fundi utakuwa na faida ndogo kuliko ulivyotarajia.

Yako mambo mawili ya kumwuliza kabla hujatoa pesa. La kwanza ni kiasi cha RAM ambacho kompyuta yako inaweza kubeba na ni ya aina gani, kwa sababu mashine za wakati ule nyingine hutumia DDR3 na nyingine DDR4, na katika baadhi yake RAM imeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi, haiongezeki. Adobe, kampuni inayoitengeneza InDesign, huitaja GB 8 kuwa kiwango cha chini cha InDesign na kupendekeza 16, hivyo kufika 8 kutakupa nafuu, lakini kitabu chenye picha nyingi kitaanza kuibana mapema. La pili ni hali ya vitu vingine: bawaba za skrini, kibodi, tundu la chaja na feni. Hofu yako ya kulipa mara mbili ina msingi, nayo hupungua pale fundi anapokukagulia mashine nzima badala ya kukutajia vifaa viwili tu vya kubadilisha. Nikuongezee jambo ambalo watu hulisahau: SSD haipotei pamoja na kompyuta. Ukija kununua nyingine baadaye, utaiweka SSD hiyo kwenye kasha la nje na itakuwa diski yako ya nakala. RAM na betri ndizo zitakazobaki na mashine ya zamani, na hizo ndizo za kuzipigia hesabu kwa uangalifu.

Ya mdogo wako nayo yasipuuzwe. Windows 10 ilitoka mwaka 2015, na tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuipatia masasisho ya kawaida ya usalama. Windows 11 inadai, pamoja na mengine, moduli ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa iliyomo katika orodha yake, ambayo kwa upande wa Intel huanzia, isipokuwa chache, kizazi cha nane. Yako ya kizazi cha sita haimo. Zipo njia za kuilazimisha iingie, lakini Microsoft haitoi hakikisho kwamba mashine iliyolazimishwa itaendelea kupata masasisho, na kwa mtu anayekula kwa kompyuta hiyo ningeiona hiyo ni njia ya wasiwasi.

Hata hivyo, kuachwa hakuna maana kwamba kompyuta imekufa siku hiyo. Maana yake ni kwamba tundu jipya la usalama likigunduliwa halitazibwa, na hatari huongezeka kidogo kidogo kadiri matundu yanavyolimbikizana. Kwa watumiaji wa kawaida Microsoft ilitangaza mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama unaofika tarehe 13 Oktoba 2026, ambao mtu hujisajili akiwa na toleo la Windows 10 liitwalo 22H2 na akaunti ya Microsoft. Programu ya kuzuia virusi iliyomo ndani ya Windows imeahidiwa kuendelea kupata taarifa za virusi vipya hadi Oktoba 2028, lakini hiyo peke yake haizibi matundu ya mfumo. Jiulize ni nini unachokifanya kwenye mashine hiyo. Ikiwa ndiyo unayoingilia kwenye benki, na ndiyo inayotunza miswada ya watu ambayo haijachapwa, basi usalama wake hauwahusu ninyi wa nyumbani tu, unawahusu pia waliokuamini na kazi zao.

Iko pia njia ya kuiondoa Windows na kuweka mfumo wa Linux, kama Ubuntu au Linux Mint, ambao ni wa bure, unapata masasisho, na huenda vizuri kwenye mashine za umri huo. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuujaribu kutoka kwenye flashi bila kufuta chochote. Ningekuwa nazungumza na mtu anayeandika, kusoma barua pepe na kutazama video, ningeitaja njia hii mwanzoni kabisa. Kwako wewe ina mwiba wake: InDesign haina toleo la Linux. Ipo programu ya bure ya kupanga kurasa iitwayo Scribus, nayo inaweza kufungua faili za IDML ambazo InDesign huzitoa, lakini mpangilio haufiki kila mara ukiwa kamili, na kumrudishia mchapishaji faili ya InDesign ndiyo kazi anayokulipa. Huenda ikafaa kama kimbilio la mashine hii siku ikistaafishwa kutoka kwenye kazi ya malipo na kubaki ya familia.

Kuhusu kununua nyingine, sina shaka kwamba ungefanya kazi kwa raha. Ninachotaka uangalie ni yale yanayofuatana na mpya. Kompyuta mpakato nyingi za sasa, hasa zile nyembamba, zina RAM isiyoweza kuongezwa, kwa hiyo ukinunua ya GB 8 kwa kubana matumizi umejifunga nayo hadi mwisho wake. Nyingi huja na diski ndogo kuliko TB 1 uliyoizoea, na kuhamisha fonti, leseni za programu na mipangilio ya miaka yote huchukua muda ambao watu huusahau katika hesabu. Kati ya mpya na kukarabati iko njia ya tatu ambayo hakuna aliyekutajia, nayo ni kununua iliyotumika yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi, hasa zile zilizotengenezwa kwa ajili ya maofisi, ambazo aghalabu hufunguka kirahisi na kukubali kuongezewa RAM. Hatari yake ni kwamba hujui ilikotoka. Mwombe muuzaji akuruhusu kuingiza amri ya powercfg /batteryreport, ambayo hutoa ripoti inayoonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo iliobaki nao. Programu ya kusoma afya ya diski nayo itakueleza mengi ambayo muuzaji hatayasema. Mtu asiyekubali ukaguzi huo amekwisha kukujibu.

Nije kwa mume wako, maana nahisi hapo ndipo panapokuuma zaidi. Umeandika kwamba unaona haya, na nimelisoma neno hilo mara kadhaa. Yeye anaona taa ya kompyuta inawaka, na ni kweli inawaka. Hajakaa kwenye kiti chako akingoja sentensi ijitokeze. Je, amewahi kukuona ukifanya kazi asubuhi nzima? Pengine mazungumzo yenu yamekuwa juu ya kifaa, kama cha zamani kinatosha au kipya kinahitajika, wakati ambapo unachotaka ashiriki kukiamua ni chombo cha kazi kinachoingiza kipato nyumbani. Mweleze ni kazi gani zimechelewa na mchapishaji amesema nini, umwonyeshe ile asilimia 100 ya diski, kisha umwulize ni dharura ipi anayoihofia na ni kiasi gani cha akiba ambacho mngekubaliana kisiguswe kabisa. Kiasi hicho kikishajulikana, kinachobaki ndicho mnachoweza kukizungumzia, na huenda ukagundua kwamba baadhi ya njia nilizozitaja zimejiondoa zenyewe.

Ili kuzilinganisha zilizobaki, baadhi ya watu hugawanya gharama kwa miezi wanayotarajia kuitumia mashine. Ukarabati unaokupa miezi 12 tulivu unaweza kuwa nafuu au ghali kuliko mashine ya kukaa nayo miaka 5, inategemea bei utakazopewa, nami sizijui. Ongeza, upande wa kusubiri, thamani ya saa unazozipoteza sasa, kwa sababu kusubiri nako kuna gharama ingawa hakuna anayekukatia risiti. Wakati huohuo, usizihesabu pesa ulizolipa mwaka 2016. Zimekwisha kufanya kazi yake, na hazirudi ukiitengeneza wala hazipotei ukiiacha.

La mwisho ni kitabu kilichoko mkononi. Kubadilisha mashine au mfumo katikati ya kazi kubwa kuna hatari yake: fonti hukosekana, matoleo ya programu hutofautiana, mistari ikahama kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine bila wewe kuona. Wapo wanaopendelea kumaliza kwanza na kuhama baadaye, na wapo ambao mashine haiwapi nafasi hiyo. Betri ndiyo itakayokuambia uko upande gani. Ikiwa itabidi kompyuta ikae kwa fundi, mwandikie mchapishaji mapema, kabla hajauliza tena, umweleze kwamba chombo chako kiko kwenye matengenezo na umpe tarehe ambayo una hakika nayo. Amekuwa akikuuliza kwa upole, na nadhani anastahili kujua.

Wako akutakiaye heri,
Mshauri